Mpangaji wa Màiri: kisa cha kweli kwa wanaoandika mapenzi ya kisiwani

Mwaka 1929 Mmarekani wa miaka 25, Margaret Fay Shaw, alihamia katika nyumba ya dada wawili, Màiri na Peigi MacRae, huko North Glendale, upande wa kusini wa kisiwa cha South Uist, magharibi mwa Uskoti. Alikaa kwao miaka sita. Mwaka 1935 aliolewa na John Lorne Campbell, msomi wa Kigaeli, lugha ya asili ya visiwa hivyo, aliyekuwa akiishi Barra, kisiwa cha jirani. Mwaka 1938 Campbell alinunua kisiwa kizima, Canna, wakaishi huko mpaka uzeeni.

Mpe mwandishi wa riwaya pendwa habari hizo chache, naye ataanza na mwaka 1934, jioni walipokutana. Miaka mitano iliyotangulia ataibana katika kurasa tatu za utangulizi, na kisiwa cha Canna atakiweka mwisho, kiwe zawadi ya harusi. Nimesoma riwaya nyingi za msuko huu, za mwanamke anayeukimbia mji na kuanza upya kisiwani, na nazipenda kwa dhati. Kwa sababu nazipenda, inaniuma kuona jambo moja likirudiwa: mwanamume ndiye mlango wa kisiwa. Msichana anashuka kwenye boti, wenyeji wanamkodolea macho, hakuna anayemkaribisha, kisha anapendwa na mvuvi au mwenye shamba, na tangu siku hiyo kila nyumba iko wazi kwake. Kisa cha Margaret kinakwenda kinyume chake kabisa. Alipokutana na Campbell alikwisha kuanza upya. Waliompa maisha hayo mapya ni wanawake wawili waliomfundisha nyimbo zao na kumshirikisha katika kazi zao.

Kabla ya boti

Alizaliwa 1903 huko Glenshaw, karibu na Pittsburgh, katika familia ya wenye kiwanda cha chuma, kitinda mimba wa mabinti watano. Kufikia miaka 11 alikuwa amefiwa na mama na baba, akalelewa na ndugu. Alipokuwa msichana alipelekwa kusoma mwaka mmoja Helensburgh, Uskoti. Huko alimsikia Marjory Kennedy-Fraser, mwanamuziki aliyekusanya nyimbo za visiwa vya Hebrides na kuzipangia upya kwa ajili ya kumbi za mjini. Margaret alizipenda, lakini alihisi kwamba zimepambwa kupita kiasi na kwamba chini ya mapambo kuna kitu kingine. Akataka kuzisikia kutoka kwa wenyewe.

Alisomea piano kwa nia ya kuwa mpigaji wa jukwaani. Baridi yabisi ikamshika mikono, na nia hiyo ikaishia hapo. Mwaka 1926 alivizunguka visiwa vya Hebrides kwa baiskeli, akaamua kwamba South Uist ndiko atakakorudi.

Riwaya ingeng'ang'ania uyatima na mikono inayouma, kwa sababu msuko wa kuanza upya unahitaji jeraha, na kisiwa kinapewa kazi ya kuliponya. Jeraha lilikuwapo kweli. Ila angalia alichobeba alipopanda boti: kamera, karatasi za kuandikia noti za muziki, na swali mahususi. Alitaka kujua jinsi nyimbo fulani zinavyoimbwa na watu waliozaliwa nazo. Hilo linabadilisha kila kitu kinachofuata, kwa sababu mtu anayekuja kuponywa anawaomba wenyeji wamhudumie, na mtu anayekuja kujifunza anawaacha wawe walimu. Wenyeji wa kisiwa chochote huzitambua hali hizo mbili mapema sana, pengine kabla ya mgeni mwenyewe.

Kutoka mezani kwenda jikoni

Tukio linalobeba kisa hiki lote halina mapenzi ya mwanamume na mwanamke ndani yake. Margaret alialikwa chakula katika nyumba kubwa ya Boisdale, huko huko South Uist. Màiri MacRae alikuwa akifanya kazi katika nyumba hiyo, akaimba wimbo wa Kigaeli mbele ya wageni. Margaret hakuwa amesikia wimbo kama ule katika kumbi zote alizopitia. Akamwomba Màiri amfundishe. Màiri akamkaribisha kwake, Glendale.

Fikiria nafasi za watu chumbani mle. Mgeni ameketi mezani na wenye nyumba, na mwimbaji yuko upande wa wanaohudumu. Margaret angeweza kubaki mezani. Alikuwa na ukoo wa kumruhusu, na wageni wengi wa aina yake walizuru visiwa hivyo kwa mtindo huo: wanalala katika nyumba kubwa, wanaitiwa wazee waimbe, wanaandika, wanaondoka na daftari lililojaa. Yeye alihamia upande wa pili. Alichagua nyumba ya moto wa mboji, udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa kama matofali, ukaanikwa na kutumika badala ya kuni. Maji yalitekwa nje na mwanga wa usiku ulikuwa wa taa ya mafuta. Aliyekuwa mezani sasa alikuwa mpangaji wa aliyekuwa jikoni, na katika nyumba ile Màiri ndiye mwenye kauli.

Kwa maoni yangu uamuzi huo una uzito kuliko ndoa yake. Ni vigumu kwa mwandishi kuuona, kwa sababu hauna busu wala machozi, na kwa macho ya nje ni suala la malazi tu. Lakini katika kijiji cha kisiwani mtu hujulikana kwa nyumba anayolala. Ukilala nyumba kubwa wewe ni mgeni wa bwana, hata ukikaa miaka kumi. Ukilala kwa Màiri, majirani wanakuita kwa jina la nyumba ya Màiri, watoto wanakuzoea, na mwenye kondoo wa kunyoa anajua aende wapi kutafuta mikono ya kusaidia.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Margaret alipewa lake. Miaka sita ile alishiriki kukata mboji na kukausha nyasi za mifugo, na kamera yake ilikuwa pale pale kazini. Picha zake za South Uist, pamoja na vipande vya filamu alivyopiga, zimejaa watu wanaofanya jambo: wanawake waliobeba vikapu vya mboji mgongoni, wanaume wakinyoa kondoo, familia shambani. Wachache wanapozi. Huwezi kupiga picha za namna hiyo ukiwa umesimama njiani. Waliopigwa walikwisha kumzoea, na wengine walikuwa wamefanya naye kazi asubuhi ile ile.

Jioni zilikuwa za nyimbo. Wakati huo wanawake wa South Uist walikuwa na hazina kubwa ya nyimbo za kazi, hasa za kupiga sufu. Kitambaa kipya kilicholoweshwa kinazungushwa mezani na kundi la wanawake, wanakipiga ubao kwa pamoja ili nyuzi zishikane, mmoja anaongoza na wengine wanaitikia. Mtu aliyekulia karibu na vinu vya kutwangia, wanawake wawili au watatu wakipokezana mchi na wimbo, hahitaji maelezo zaidi. Margaret alikuja hajui Kigaeli. Alianza na mahadhi, kwa sababu sikio lake lilikuwa tayari, kisha maneno, akiomba arudiwe ubeti mpaka auandike sawasawa. Kitabu chake cha nyimbo na mila za South Uist kilitoka mwaka 1955, miaka 26 baada ya kuhamia kwa Màiri. Kimechapa nyimbo kwa Kigaeli pamoja na noti zake, kimewataja waimbaji kwa majina, kimeandika mapishi, dawa, methali na rangi za kutia sufu. Haraka haikuwa tabia yake, na mwandishi wa riwaya anayetaka kuandika kuanza upya kwa ukweli lazima aupate mwendo huo wa pole pole. Kanuni yetu ya kawaida ni kwamba kiangazi kimoja kinatosha. Katika kiangazi kimoja Margaret alikuwa bado anauliza jina la kila kitu kilichoko jikoni.

Jioni ya 1934

Campbell naye alikuwa na kisa chake cha kuanza upya. Alizaliwa Edinburgh mwaka 1906 katika ukoo wa wenye ardhi wa Inverneill, Argyll, akasoma kilimo na lugha za Kikelti Oxford, na mwaka 1933 akahamia Barra. Huko, pamoja na mwandishi Compton Mackenzie, alianzisha chama cha kutetea wavuvi wadogo dhidi ya meli kubwa zilizokuwa zikikokota nyavu karibu na pwani na kuharibu mazalia ya samaki. Walipokutana na Margaret katika hoteli ya Lochboisdale mwaka 1934, Campbell alikuwa akitayarisha kitabu kuhusu Barra na alihitaji picha. Margaret alikuwa mpiga picha.

Neno la kwanza zito kati yao lilikuwa la kazi. Campbell alimfuata Margaret kwa sababu ya kitu Margaret alichokijua na kukifanya vizuri, kitu alichokuwa akikifanya miaka yote ile kwa Màiri. Hapa ndipo riwaya nyingi zinapomnyima mhusika mkuu haki yake. Zinamfanya apendwe kwa sababu ameanguka matopeni akiwa na viatu vya mjini, mwanamume akamcheka na kumwinua. Margaret wa 1934 asingeanguka, alikuwa na miaka mitano katika matope yale.

Waliooana mwaka 1935 walikuwa watu wawili wenye shauku moja. Mwaka 1937 walisafiri hadi Nova Scotia, Kanada, na mashine ya kurekodi sauti, kuwasikiliza wajukuu wa watu waliohamishwa au kuhama kutoka visiwa hivyo hivyo, waliokuwa bado wanaimba kwa Kigaeli ng'ambo ya bahari. Naona mapenzi yao pale kuliko katika tukio lolote la hotelini: wawili wamebeba mashine nzito nyumba hadi nyumba, mmoja akishughulikia maneno na mwingine muziki.

Mke wa mwenye kisiwa

Canna ni kisiwa chembamba, urefu wake kama kilomita 7, cha magharibi zaidi katika Small Isles, kundi la visiwa vidogo vya magharibi mwa Uskoti. Mwanzoni mwa karne ya 19 kilikuwa na watu zaidi ya 400. Katikati ya karne hiyo mmiliki aliwaondoa wengi ili apate malisho, na Campbell alipokinunua walikuwa wamebaki wachache tu. Nia yake ilikuwa njema na wazi: kuonyesha kwamba kisiwa cha Wagaeli kinaweza kuendeshwa na mmiliki anayeijali lugha yao na mashamba yao, kisigeuzwe uwanja wa kuwinda wa tajiri wa mbali. Alilima, alifuga, alipanda miti, alikusanya vipepeo na nondo, na kwa miaka mingi madeni hayakumwacha alale vizuri. Margaret alipiga piano, alipokea wageni bila kuchoka, aliendelea na nyimbo zake. Katika msuko wa riwaya hapa tumefika kileleni, msichana yatima amekuwa bibi wa kisiwa.

Mimi nasoma sehemu hii kwa wasiwasi. Kwa Màiri alikuwa mpangaji. Canna alikuwa mke wa mtu anayemiliki nyumba ya kila jirani. Hata mwenye ardhi awe mwema kiasi gani, ndiye anayeamua nani apewe nyumba inapobaki wazi, na nani apate kazi shambani. Jirani anayekuletea samaki anamletea pia mwenye nyumba wake, na hakuna tabasamu la kuifuta hali hiyo. Riwaya zetu hupenda sana kumwoza shujaa wa kike kwa mwenye mali wa kisiwa na kulihesabu hilo kuwa amekubalika. Kijamii ni hatua ya kurudi katika ile nyumba kubwa aliyoikataa. Sijui riwaya iliyoishughulikia hatua hiyo kwa kina, na ingefaa sana ipatikane, kwa sababu mgogoro wake uko tayari: mwanamke aliyejifunza kuishi kama jirani anapewa cheo kinachouzuia ujirani.

Hawakupata watoto. Mwaka 1981 walikitoa kisiwa kwa National Trust for Scotland, shirika la kuhifadhi urithi wa Uskoti, pamoja na nyumba, maktaba na sauti zote walizorekodi. Campbell alifariki Italia mwaka 1996 na akazikwa huko. Mwaka 2006 mabaki yake yaliletwa Canna. Margaret aliendelea kuishi katika Canna House, nyumba yao ya kisiwani, hadi alipofariki mwaka 2004, akiwa na miaka 101.

Naye hakuzikwa Canna. Alizikwa Hallan, South Uist, katika kisiwa alichohamia mwaka 1929.

Asije mtu akasema hakumpenda mumewe, waliishi pamoja karibu miaka 61 na kazi zao hazitenganishiki. Lakini kuchagua kaburi ni kusema kwenu ni wapi, na katika uchambuzi wa kisa hiki huo ndio ushahidi ninaouamini kuliko mwingine wote. Miaka sita ya kuwa mpangaji wa Màiri ilishinda zaidi ya miaka 60 ya kuishi Canna kama mke wa mmiliki na mjane wake.

Barua za 2006

Mwaka 2006, wakazi wa Canna wakiwa hawafiki 20, National Trust for Scotland ilitangaza kwamba inatafuta familia za kuhamia. Maombi yalikuja kwa mamia, kutoka nchi mbalimbali. Familia zilichaguliwa, zikaja, na miongoni mwao wapo walioondoka baada ya miaka michache. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 12.

Naamini sehemu kubwa ya maombi yale iliandikwa na watu waliokuwa na riwaya ya aina yetu kichwani, hata kama hawakuwahi kuishika mkononi: bahari, utulivu, nyumba ya mawe, ukurasa mpya. Siwalaumu, hamu hiyo ni ya kibinadamu na ina heshima yake. Waliyoyakuta ni mambo ambayo riwaya huyaruka. Nyumba zilikuwa za taasisi, kwa hiyo mhamiaji alikuwa mpangaji asiye na njia ya kuwa na chake. Ajira zilikuwa chache. Kivuko kutoka Mallaig, bandari ya bara, huja mara kadhaa kwa wiki na upepo ukizidi hakiji. Mtoto akimaliza shule ya msingi anavuka kwenda kusoma Mallaig na kulala huko. Wanandoa wanaweza kupendana sana na bado wakashindwa na jambo hilo la mwisho peke yake.

Linganisha na Eigg, kisiwa kingine cha Small Isles, kilicho katika njia hiyo hiyo ya kivuko. Mwaka 1997 wakazi wake, wakishirikiana na serikali ya mtaa na shirika la wanyamapori, walikinunua kisiwa chao kwa pauni milioni 1.5, sehemu kubwa ikiwa michango. Mwaka 2008 waliwasha umeme wao wenyewe wa maji, upepo na jua, kila nyumba ikiwekewa kikomo cha kilowati 5 kwa wakati mmoja ili usizidiwe. Wakati wa ununuzi walikuwa kama 65, baadaye wakapita 100, vijana waliokulia hapo wakirudi kujenga. Canna nayo baadaye ilipata chombo chake cha jamii na umeme wake wa upepo na jua. Mkazi mpya wa Eigg anaingia mahali ambapo jirani ndiye mwamuzi, na anaweza kukaa mkutanoni na kupiga kura juu ya gati na nyumba. Hilo ni jembe la siku ya tatu katika umbo la karne hii.

Kama ningeipanga riwaya hii

Ningeanza na ile karamu ya Boisdale, mgeni mezani na mwimbaji akiwa kazini, na sura ya pili ningeiweka jikoni kwa Màiri. Theluthi nzima ya kitabu ingekuwa ya wanawake watatu chini ya paa moja: nani anaamka kuwasha moto, mgeni anakosea nini anapokausha nyasi, wimbo upi Peigi anakataa kuufundisha mpaka mwaka wa tatu. Hayo ningeyabuni, na wahusika ningewapa majina mengine, lakini mpangilio ungebaki ule ule. Mwanamume angeingia katikati ya kitabu, akiwa na shida ya picha.

Harusi ingefuata mapema kuliko msomaji anavyotarajia, ili kurasa zibaki za kutosha kwa kisiwa cha pili. Huko ningemweka mhusika wangu mlangoni siku ya kodi, jirani amekuja na fedha mkononi, mume hayupo, na yeye ndiye wa kuzipokea. Aseme nini? Akizikataa anamdhalilisha jirani na kuyaongeza madeni ya nyumba yake. Akizipokea anakubali kwamba hatakaa tena jikoni kwa mwanamke huyo akiwa mwenzake. Ningempa sura nzima ya kujibu.